Mitumbwi ya Leta Iliyolala Msituni

Siku ya kwanza kazini nilipewa fagio. Nilikuwa nimetoka shule ya wamisionari, nimevaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, na sifa yangu pale Kasongo ilikuwa mwandiko mzuri kuliko vijana wote wa darasa letu. Nilidhani nitaketi mezani. Mkuu wa magazini, yaani ghala la serikali, alikuwa Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu, ambaye hata kusalimia alisalimia kwa sauti ya kuamrisha. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akaninyooshea kidole kwenye kona. Nikafagia kutwa nzima. Jioni aliniita.

"Umeona nini mule ndani?"

Nikamtajia: majembe, blanketi za wagonjwa, magunia ya chumvi, misumari, sufuria za wafungwa, na mahali paa linapovuja juu ya mchele. Nadhani ni hilo la mwisho lililonipatia meza.

"Kumbe uko na macho," akasema. "Kesho utaandika."

Vijana wa leo wanafikiri karani wa wakati wa Wabelgiji alikuwa mtu wa kupiga muhuri tu, kwa hiyo nieleze kazi yenyewe. Serikali, ambayo sisi wote tuliiita Leta, haikulima wala haikufua chuma. Kila ilichotumia ilibidi ikipate kwa mtu: mchele wa gereza, kuni za hospitali, matofali, mikeka, mafuta ya mawese, makasia ya kivuko. Kazi yetu ilikuwa kujua ofisi gani inahitaji nini, kumtafuta wa kukitoa, kuandika masharti, kisha kukipokea. Karatasi ya kuagiza iliitwa bon. Juu yake palikuwa na nafasi ya kitu, kiasi, mahali pa kupokelea na siku ya mwisho. Chini palikuwa na nafasi ya saini, au ya kidole gumba kwa asiyejua kuandika. Kitu kikifika tulikipima mbele ya shahidi na kuandika hati ya mapokezi. Bila hati hiyo kitu hakijafika, hata kama umekikalia.

Mkuu wa magazini alinifundisha kazi hiyo vizuri, siwezi kumsingizia. Aliijua bon kama padri anavyoijua misa. Lakini alikuwa na neno moja alilolirudia kila wiki: "Muuzaji ni moja, karatasi ni moja. Ukianza kuuliza kila mutu, hautamaliza." Nilikuwa kijana, na neno fupi la mkubwa linamkaa kijana kichwani upesi.

Dalili za ubovu wa neno hilo nilizipata mapema, ila sikuzisoma. Niliagiza mitungi ya maji ya hospitali kutoka kwa wafinyanzi wa upande wa Nyangwe, mikubwa, ya mdomo mpana, mizuri ya kutazama. Baada ya wiki moja muuguzi mkuu, mzee wa watu aliyeheshimiwa kuliko daktari, alikuja magazini na mtungi mmoja kichwani.

"Karani, ingiza mukono."

Nikaingiza.

"Umeona? Na kila mugonjwa iko anaingiza wake. Ningetaka ya mudomo mudogo, ya kumimina. Mbona hamukuniuliza?"

Nilimjibu kwamba masharti yalikuwa yamepitishwa. Alicheka, akaubeba mtungi wake akaondoka. Na mimi nilicheka, kwa ujinga wangu, nikaendelea na kazi.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa Kabambare, makao ya teritwari, wilaya ya wakati ule, kuwa karani wa manunuzi chini ya Bwana Mkubwa mwenyewe, yaani mkuu wa teritwari. Huyu hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kuvuta kiko, na alipokasirika alizidi kushusha sauti. Alinikabidhi funguo, na siku ileile akaniambia shida iliyomnyima usingizi: baki ya mto Luama.

Baki ilikuwa mitumbwi mitatu mikubwa iliyofungwa ubavu kwa ubavu, juu yake mbao zimepigiliwa, ili lori, wagonjwa, mbuzi na magunia vivuke pamoja. Ile ya zamani ilikuwa imeoza. Wavushaji walikuwa wakichota maji kwa makopo muda wote wa kuvuka, na mvua kubwa zikija, Luama ingefurika na kuimaliza. Kwa hiyo Bwana Mkubwa alitaka mitumbwi mitatu mipya ya mti wa mvule, ifikishwe kivukoni kabla ya mvua. Aliniachia mimi kumtafuta fundi na kuandika masharti.

Fundi alijulikana, hakuwa na mshindani. Aliitwa Kalonda, mtu wa kijiji kimoja kilicho mwendo wa asubuhi moja kutoka mtoni, mfupi, mwenye mikono mipana. Nilimtumia tarishi. Akaja, akakaa kwenye benchi mbele ya meza yangu tangu saa mbili, kofia magotini, mpaka nilipomaliza kunakili bon yangu kwa wino mweusi na herufi kubwa zenye mikia. Nikamsomea. Mitumbwi mitatu. Ndiyo, bwana karani. Mvule, urefu huu, upana huu. Ndiyo, bwana karani. Ifikishwe kivukoni kabla ya siku hii. Hapo alinitazama kidogo, akakunja kofia.

"Ndiyo, bwana karani."

Nikakishika kidole chake gumba, nikakigandamiza kwenye wino, nikakiweka chini ya jina lake. Nilijisifu moyoni: kazi ya siku moja tu, na karatasi safi.

Miezi ilipita. Habari zilikuja kwamba mitumbwi imechongwa, na imechongwa vizuri. Siku ya mwisho ikafika, kivukoni hakuna kitu. Bwana Mkubwa aliniita.

"Karani, mitumbwi iko wapi?"

"Iko mu pori, Bwana. Imeisha kuchongwa."

"Karatasi inasema pori?"

"Inasema kivukoni, Bwana."

Alitoa kiko mdomoni, akaongea taratibu sana. Alisema aliyeweka kidole kwenye ahadi ya Leta na asiitimize anajua pa kukaa. Jioni hiyo polisi wawili walikwenda, na kesho yake Fundi Kalonda aliingizwa buloko, gereza letu lile la matofali nyuma ya ofisi, akae humo mpaka mitumbwi ifike mtoni. Siku iliyofuata polisi walirudi kijijini kuwakamata watu wavute mitumbwi kwa nguvu. Walikuta kuku. Watu wote walikuwa wamehamia msituni na vyungu vyao.

Hali ikawa hiyo. Mtu yuko ndani mpaka mitumbwi itoke, na mitumbwi haitoki. Kila asubuhi nilipofungua dirisha la ofisi nilimwona Kalonda uani akisuka kamba pamoja na wezi wa mbuzi. Hakuwahi kunitazama vibaya, na hilo lilinitesa kuliko angenitukana. Siku ya nane nilimwomba mlinzi, nikaingia uani nikachuchumaa karibu naye.

"Fundi, kama ulijua mitumbwi haitafika, kwa nini hukuniambia siku ile?"

Aliendelea kusuka.

"Bwana karani, weye uliniuliza? Uliniuliza jina, nikakupa. Uliniuliza kijiji, nikakupa. Uliomba kidole, nikakupa. Ya kuvuta haukuuliza. Nikafikiri Leta iko na njia yake. Leta inapasua barabara mu milima, itashindwa na mutumbwi?"

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Mimi nilidhani kufikisha ni kazi ya muuzaji, kama ilivyo kwa magunia ya mchele. Yeye alidhani kufikisha ni kazi ya Leta, na kwamba bon ilimtaja kwa heshima tu. Tulikaa uso kwa uso kutwa nzima, meza moja katikati, kila mmoja akimwachia mwenzake mzigo uleule. Na kati yetu wawili, aliyekuwa akilipwa kwa ajili ya kujua ni mimi.

"Basi nani anavuta?" nikamuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Nenda kwa mama ya watoto. Yeye atakuambia. Na usiende na polisi."

Nilikwenda kesho yake peke yangu kwa baiskeli. Mke wake, Mama Zaina, alikuwa wa kwanza kutoka msituni, labda kwa sababu alikuwa na jambo la kusema.

"Umekuja kufata nani tena? Tumebakia na kuku tu. Unataka kuku?"

"Nimekuja kuuliza, mama."

"Sasa njo unauliza? Mume wangu iko buloko, na weye unauliza?"

Nilimwomba radhi, tena kwa sauti, watu wakisikia. Wengine walianza kutokeza mmoja mmoja. Wakaniletea kigoda, dalili kwamba sitapigwa. Kisha wakanieleza, kwa zamu na kwa kukatizana, jambo ambalo kila mtoto wa upande ule alilijua isipokuwa karani mwenye mwandiko mzuri.

Mtumbwi mkubwa wa mvule hauchongwi mtoni. Unachongwa pale mti ulipoangukia, kisha unavutwa kwa kamba juu ya magogo, ukipita vilima na mashamba, na watu wa vijiji vitatu au vinne. Watu hao hawalipwi. Wanaitwa na mwenye mtumbwi, anawalisha, na kila mmoja wao anakuja kwa sababu mwenye mtumbwi naye alishamvutia au atamvutia siku yake. Ndivyo mtumbwi wa kwao unavyofika majini. Fundi hawezi kuwaita, kwa kuwa mtumbwi si wake.

"Na mwenye mitumbwi hii ni Leta," akasema mzee mmoja. Huyo alikuwa Mzee Kitenge, mwenye msitu ulipokatwa mvule. "Leta ilishamuvutia nani mutumbwi?"

"Leta itawapa chumvi na kitambaa," nikasema. Nilikuwa na ruhusa ya hilo.

Mama Zaina alinicheka usoni. "Ukikula chumvi ya Leta leo, kesho jina yako iko mu kitabu. Kila mwaka watakuja: nyinyi njo wavutaji, vuteni. Hapana, baba. Chumvi yako rudisha."

Hilo nalo sikuwa nimelifikiria, na walikuwa na haki kabisa. Nikauliza kama kuna kingine. Kilikuwepo. Njia ya kuvutia ilipita katikati ya mashamba ya karanga ya akina mama, na karanga zilibakiza wiki mbili zing'olewe. Hakuna mwanamke ambaye angeruhusu mvule upite juu ya karanga zake kwa sababu ya tarehe niliyoichagua mimi kwa kutazama kalenda ya ukutani. Na tena, mtumbwi hauvutwi bila aliyeuchonga. Yeye anatembea mbele kwenye pua, ndiye anayejua ubavu ni mwembamba wapi, ndiye anayesema inueni, ndiye anayesema simameni.

"Bila yeye utapasuka ku jiwe ya kwanza," Mzee Kitenge akasema. "Mutuletee Kalonda, na mutuletee mwenye mutumbwi. Mutu, si karatasi."

Nilirudi Kabambare nimechoka na nina hofu. Nilimweleza Bwana Mkubwa yote, nimesimama. Nilimwambia mambo manne: fundi atolewe, polisi wasionekane, tarehe isogezwe mpaka karanga ziingie ghalani, na mwenye mitumbwi awe mtu. Akashusha sauti.

"Mutu gani?"

"Mimi, Bwana."

"Na akitoroka huyo fundi? Na wao wakikaa mu pori?"

"Nitaingia buloko mahali yake."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alinisukumia karatasi. "Andika."

Nikaandika dhamana yangu mwenyewe, kwamba mimi karani fulani nitakaa kifungoni mpaka mitumbwi ifike. Ndiyo karatasi mbaya kuliko zote nilizoandika maishani. Herufi zililala huku na huku kama walevi. Aliisoma, akaiweka kwenye mtoto wa meza, akatuma mlinzi akafungue. Kalonda alitoka siku hiyohiyo, siku yake ya kumi na moja. Hakuniuliza nimefanyaje. Aliomba tu maji ya kunywa, akashika njia ya kwao.

Wiki mbili zile sikulala vizuri. Mke wangu aliacha kuniuliza kuna nini, akaanza kuniambia: "Utakwenda buloko kwa sababu ya miti." Nilitafuta mbuzi watatu, mchele na mafuta. Waislamu ni wengi kule, kwa hiyo nilimwomba mwalimu wao achinje, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Kwa wale wanaokunywa kulikuwa na malafu, yaani pombe ya mnazi wetu wa msituni, mchikichi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaita watu, kama mwenye mtumbwi anavyotakiwa. Wengine waliniuliza kwa utani kama Leta imeniachisha kazi.

Asubuhi ya siku yenyewe nilifika msituni nikakuta fundi peke yake, amekaa juu ya mtumbwi wa kwanza. Niliiona buloko waziwazi, na kamba nitakayoisuka.

"Watakuja?" nikamuuliza.

"Weye uliwaita?"

"Niliwaita."

"Basi kaa."

Walikuja jua lilipopanda kidogo, kwanza kumi, kisha thelathini, kisha nikaacha kuhesabu. Wanaume walifunga kamba, akina mama wakapanga magogo. Mimi nilishika kamba nikiwa na viatu vyangu vya ofisi. Mama Zaina akapiga kelele ili wote wasikie:

"Mwenye mutumbwi anavuta na viatu?"

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Nikavua viatu. Tulivuta siku tatu, kila siku mtumbwi mmoja. Wa pili uliteleza kwenye mteremko, ukaanza kukimbilia jabali, na ni Kalonda aliyejitupa mbele na kupiga kelele ya kusimama. Wote tulilalia kamba, ngozi za viganja vyangu zikabaki pale. Jioni ya tatu mitumbwi yote ilikuwa majini. Bwana Mkubwa alikuja kwa gari, akapima urefu na upana, akatia saini hati ya mapokezi. Alinipa mkono mbele ya watu, jambo ambalo wakati ule halikuwa dogo. Fundi hakupewa mkono. Niliona, na niliona haya.

Watu walipokuwa wakila nilimwendea Kalonda nikamwambia neno nililokuwa nimeliandaa, kwamba sasa yuko huru.

"Miye niko huru," akasema, akifuta mafuta mdomoni. "Weye njo umefungwa. Hawa wote wamekuvutia. Wakikuita, utakuja?"

"Nitakuja."

"Na kidole yangu haitaingia tena mu karatasi ya mutu asiyeniuliza."

Tangu pale sikuandika bon kabla ya kutembea. Wakubwa waliofuata waliniita mzito. Mmoja, mkuu wa kazi za barabara, aliwahi kuniambia, "Karani, nakutuma kununua mbao, unaniletea mkutano." Nilimwambia mkutano nitampa bure. Kabla ya matofali nilikwenda kwa wanaoyachoma, kwa wenye udongo, kwa wanaokata kuni, na kwa mwashi atakayeyajenga, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa anajua kuliko wote na ndiye asiyeulizwa. Kabla ya mitungi nilikwenda kwa wauguzi. Ilichukua muda. Tarehe nilizoandika zilikuwa za mbali, ila zilifikiwa, na sikumwingiza mtu mwingine kifungoni. Msidhani nilikuwa mtu mwema. Nilikuwa mtu aliyeogopa kufungua dirisha asubuhi na kumwona mtu anasuka kamba.

Nilirudishwa Kasongo, Wabelgiji wakaondoka, na mimi nikaendelea katika ofisi ileile chini ya wakubwa wapya mpaka nilipostaafu. Vijana walioshika kazi baada yangu wamesoma kuniacha mbali, na sina cha kuwafundisha kuhusu karatasi. Ninachowaambia ni hiki: mtu akikujibu ndiyo mara tatu mfululizo, weka kalamu chini. Huenda anakuogopa, au huenda anadhani unajua.

Waliniita kweli. Mara ya kwanza ulikuwa mtumbwi wa Mzee Kitenge, kisha wa shemeji yake, kisha wa watu nisiowajua hata majina, ambao baba zao walikuwepo siku zile tatu. Sikukataa hata mara moja. Nikiwa Kasongo nilisafiri siku mbili kwenda kushika kamba, na kwa kuwa niliomba ruhusa ya msiba kila mara, wakubwa wangu waliandika kwenye faili kwamba ninafiwa na jamaa wengi. Kalonda alikuwa pale kila mara, kwenye pua, na hatukuzungumzia kifungo tena. Alikufa kabla sijastaafu.

Mwezi uliopita mwanawe alichonga mtumbwi akaniita. Nilikwenda. Sina nguvu tena ya kuvuta kitu, nilishika tu ncha ya kamba nyuma ya vijana. Mmoja aliniambia kwa adabu, "Baba, ikala chini, sisi tutavuta." Nikamwambia aniache. Kwa mkono huu mtu asiye na kosa alikaa buloko siku kumi na moja, na mkono wenyewe bado unashika.